Leso Mlangoni

Nyumba ya Seth Wasike pale Makongeni ni chumba kimoja, na mama mkwe wake alikuwa anakuja kukaa humo siku kumi. Anayejua mila za Wabukusu hahitaji kuelezwa shida iko wapi. Asiyejua na ajue hivi: mwanamume na mama wa mkewe hawaketi chumba kimoja, hawali pamoja, hawashikani mikono, na wakikutana njiani mmoja hupinda. Si chuki, ni heshima. Seth alikuwa amemwoa Norah miaka ishirini na miwili, na kwa miaka hiyo yote hakuwa amesemezana na Mama Nabiswa hata neno moja.

Mama Nabiswa alikuwa anatoka Kimilili kuja kutolewa mtoto wa jicho. Norah, ambaye huongoza kwaya na hapendi jambo liende ovyo, alipanga kila kitu. Seth angelala kwa Obonyo, jirani wa ukuta kwa ukuta, Mjaluo mjane aliyestaafu kazi ya reli. Na kwa kuwa mama angekuwa akiingia na kutoka, kungekuwa na alama. Leso nyekundu ikifungwa kwenye komeo la mlango, mama yumo ndani na Seth asikaribie. Leso isipokuwepo, nyumba ni yake, aingie, ale, abadilishe nguo.

"Hata mtoto wa nasari ataelewa," Norah alisema.

Seth alikubali upesi, akashukuru hata. Akilini mwake alikuwa na jambo lingine ambalo tangu Machi hakumwambia mtu. Alikuwa anapofuka.

Daktari alikuwa amemwambia ni presha ya macho, ile ile iliyompofusha babake. Kilichopotea hakirudi, alisema, ila kuna matone ya kulinda kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa tundu la katikati. Pembeni pote giza, na mwezi huu hata tundu lenyewe lilikuwa limeanza kuingia ukungu. Yale matone Seth aliyaficha kwenye mkoba wa kamera, chini ya kitambaa cha kufutia lenzi, mahali ambapo Norah hagusi.

Mtu atauliza, kwa nini amfiche mke? Babake Seth alikuwa mtu wa reli, mtu wa sauti na kofia, na macho yalipokwenda ni Seth aliyekuwa akimshika mkono kumpeleka chooni, kanisani, mferejini. Miaka sita. Watoto wa mtaa waliwafuata nyuma wakiigiza mwendo wa mzee. Mzee alijua, na Seth alijua kwamba anajua. Ndiyo maana Seth alikuwa ameapa moyoni, afadhali lolote limpate, lakini kushikwa mkono mbele ya watu wa Makongeni, hapana.

Na kulikuwa na buabua.

Ukienda nje ya Njiru kuna machimbo ya mawe yaliyoachwa zamani yakajaa maji, makubwa kiasi kwamba watu huyaita ziwa. Mvua ndefu zikiisha, buabua huja hapo kutaga juu ya magugu yanayoelea. Ni ndege wa kijivu, mwembamba wa mabawa, kofia nyeusi, mashavu meupe. Seth alikuwa akipiga picha za harusi na matanga kama wapiga picha wengine wote wa Eastlands, lakini kilichompa jina ni hawa ndege. Kuna sekunde moja, kinda akishajua kuruka lakini bado hajui kuvua, ambapo mzazi humjia hewani na samaki mdomoni, wakakutana kifua kwa kifua juu ya maji, samaki akahama mdomo. Sekunde moja tu. Seth alikuwa ameinasa mara tatu katika miaka kumi na minne, na mojawapo kanisa liliiweka kwenye kalenda. Kalenda hiyo ilifika mpaka Kimilili, ukutani kwa Mama Nabiswa.

Tangu wakati huo, Bedan, kijana mwenye gari na kazi ya kuwatembeza wapenzi wa ndege, humletea Seth wageni kila msimu. Safari hii wageni walikuwa wanakuja Jumamosi. Seth alijiambia apewe Jumamosi hiyo tu. Akiimaliza salama, msimu wote ni wake, na mambo ya macho yatangoja.

Mama Nabiswa alifika Jumatatu. Jumatano akapasuliwa jicho asubuhi na saa saba alikuwa amerudishwa Makongeni, jicho la kulia limefungwa bandeji. Wauguzi walimwonya asiiname wala asikurupuke. Baridi ya Julai ilikuwa imekaza, kwa hivyo Norah alimvika sweta yake ya zambarau ya kwaya, akamketisha kitandani, akafunga leso nyekundu kwenye komeo, akabeba mtungi kwenda mferejini. Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo.

Seth akatokea upande wa lango. Alikuwa ametoka ziwani kufanya mazoezi ya Jumamosi, na mazoezi yalikuwa yamemvunja moyo. Alisukuma mlango wa nyumba yake. Leso ilimpapasa kifuani alipopita, akadhani ni nguo ya kuanikwa.

Ndani mlikuwa na kiza cha mchana. Aliona zambarau ya sweta, akaona kichwa kilichofungwa kitambaa, akanusa sabuni ya nyumbani kwake. Aliweka kamera mezani, akaketi kitandani kando ya sweta ile, akaushika mkono.

"Norah, usiseme kitu kwanza," akasema. "Nikinyamaza leo sitasema tena. Macho yangu yanakwenda. Ni ile ya Mzee. Tangu Machi najua. Leo nimekaa ziwani toka asubuhi, nimepiga picha mia mbili, sijui nimepiga nini. Nawasikia makinda wakilia, namsikia mama yao akija, nageuza kamera, siwaoni. Usimwambie mtu. Nipe Jumamosi hii tu. Mimi baba yangu nilimshika mkono miaka sita. Sitaki kushikwa."

Mama Nabiswa angesema nini, jamani? Kusema naye ni mwiko, kuukwapua mkono ni kukurupuka, na kilio cha mwanamume mzima kilikuwa sikioni mwake. Alibaki vile vile, mkono wake ndani ya mkono wa mkwewe. Seth akaanza kuhisi kuna kitu. Kwenye shina la kidole gumba cha mkono ule kulikuwa na kovu nene, la jembe au la panga, na Norah hana kovu.

Mlango ukafunguliwa. Norah akasimama na mtungi wake, maji yakimchuruzika miguuni.

"Seth," alisema polepole. "Umeketi na mama."

Seth aliinuka, akajigonga mezani, akajigonga mlangoni, akatoka bila kofia.

Makongeni hakuna siri. Kabla ya jioni wanawake wa kwaya, wengi wao watu wa magharibi na wenye kuelewa uzito wa neno hili, walikuwa wamelijadili likaisha. Wengine walisema amelewa. Wengine walisema mjini mila zimekufa, mtu anaingia kwa mkwe kama anaingia kioskini. Norah aliyasikia yote na uso ukamwaka. Alikwenda kwa Obonyo, hakuingia, akasimama kizingitini akamuuliza mumewe mbele ya mwenye nyumba kama hakuiona leso nyekundu, nyekundu jamani, si kijani. Seth aliinama. Akasema mawazo yalikuwa mbali.

"Mawazo," Norah akarudia, akaondoka.

Nyumbani alimwuliza mama yake, yule mtu alikuwa anakwambia nini?

"Hakuniambia mimi," Mama Nabiswa alijibu.

Norah alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Mzee huyo wa watu hakuongeza hata silabi. Maneno aliyoyasikia yalikuwa ya mtu mwingine. Yalimfikia kwa makosa, kama barua ya jirani, na barua ya jirani haifunguliwi. Lakini sahani ya chakula cha usiku aliirudisha ilivyo.

Alhamisi bandeji ikatolewa. Mama Nabiswa alirudi kutoka hospitalini akitazama kila kitu kwa pupa: nyufa za ukuta, madoa ya sufuria, mvi za bintiye ambazo hakujua zimeota. Akaiona ukutani kalenda kama ile yake ya Kimilili, akaisogelea. Miaka yote alikuwa ameiona kama weupe na weusi tu. Sasa aliona samaki, hata mkia wake. Alicheka kwa furaha, akamwomba Norah amwonyeshe picha nyingine za wale ndege kwenye kamera, kwa kuwa Seth alikuwa ameiacha mezani pale pale.

Norah akabonyeza, picha zikaanza kupita. Maji. Maji na jani. Mbingu tupu. Maji, na ncha ya bawa pembeni. Maji tena. Norah alibonyeza haraka haraka, akasema labda mashine imeharibika, au mwenyewe siku hizi hajali kazi, kama asivyojali mengine. Hasira ilikuwa imemkaa machoni, haikumwacha aone. Mama yake aliona, akaomba kamera izimwe.

Ijumaa Obonyo alitumwa kuchukua kamera na kupeleka msamaha. Alisimama nje, leso ikiwa mlangoni, akazungumza na Norah kwa adabu zote: Wasike anasema amekosa, atatoa blanketi na mbuzi kama inavyotakikana, mama asiondoke na kinyongo. Norah akaingia ndani, akatoka na jibu. Mama amesamehe. Halafu akasita, kwa kuwa sehemu ya pili yeye mwenyewe hakuielewa.

"Anasema Seth asiende ziwani kesho."

"Kwa nini?"

"Nimemwuliza. Anasema mwambie tu hivyo."

Obonyo aliufikisha ujumbe. Seth alikuwa akipangusa lenzi kwa kitambaa, mikono ikaacha kwenda. Alielewa kwamba mama mkwe ameyashika yote na hajamwambia hata mtu mmoja, na hilo likamwuma kuliko matusi. Obonyo alimtazama. Siku nne wamekaa pamoja, na siku nne amekuwa akiokota vikombe vilivyoangushwa.

"Mficha maradhi..." Obonyo alianza.

"Nimeshaisikia hiyo," Seth akasema. Akaweka saa ya kumuamsha.

Bedan alifika saa kumi na mbili asubuhi. "Mzee Wasike, niaje? Wageni wanataka ile ya kalenda, hakuna ingine." Wageni wenyewe walikuwa bwana na bibi. Bwana, aliyeitwa Kiema, alifundisha chuoni na alikuwa na lenzi ndefu kama mkono. Mkewe alibeba chai. Walimwamkia Seth kwa heshima kubwa, wakamwita mwalimu.

Na acheni niseme ukweli, asubuhi ile Seth aliwafundisha. Njia ya kushukia majini aliijua kwa miguu. Aliwaketisha nyuma ya matete, upepo usoni, akawaambia wasitazame ndege, watazame pale atakaponyoosha mkono. Kisha akafumba macho. Buabua mzazi akirudi na samaki hutoa mlio mmoja mkavu, na kinda wake, kati ya makinda wote wa ziwa zima, humjibu yeye peke yake, upesi upesi, akipanda kumlaki. Ukisikia wito na jibu, unajua watakutana wapi.

"Kulia. Juu ya yale magugu. Ngoja. Sasa."

Kamera ya Kiema ikalia mfululizo. "Nimempata!" akanong'ona. Mkewe akampiga bega kwa furaha. Mara ya pili Seth akanyoosha mkono kushoto, na ikawa vivyo hivyo. Mara ya nne Bedan alikuwa anamtazama Seth badala ya ndege, akitikisa kichwa kwa kustaajabu. Seth alijisikia mwepesi. Alifikiri, labda inawezekana. Labda mtu anaweza kuishi hivi msimu huu, na mwingine, na mtu asijue.

Wakapumzika kunywa chai. Kiema alikuwa akipitisha picha zake, mwenye raha, akawa mtu wa mzaha. Wakati Seth amepiga magoti pale, amefumba macho, mdomo wazi, shingo imenyooka kusikiliza, Kiema alikuwa amegeuza kamera akampiga yeye. Ilikuwa picha nzuri. Akamsogezea kioo.

"Mwalimu, hii unaionaje?"

Seth alikiinamia kioo. Aliona mwanga, na kitu cheusi katikati ya mwanga. Akakisogeza karibu na uso, akakirudisha mbali, kama fundi anayepima.

"Hii ni safi," akasema. "Mzazi ametua vizuri. Mdomo umefunguka, mabawa bado hajayakunja. Ila ungengoja kidogo kinda aingie."

Mke wa Kiema alicheka, akidhani ni utani. Hakuna mwingine aliyecheka. Kikombe cha Kiema kilisimama njiani, hakikufika mdomoni. Bedan aliichukua kamera taratibu, akakiangalia kile kioo, akamwangalia Seth. Alikuwa amemletea wageni misimu minane. Amewapitisha kwenye kingo za machimbo yale, kwenye mawe ya kuteleza, nyuma ya mtu huyu.

"Ni nini?" Seth akauliza. "Nimesema vibaya?"

"Ni picha yako, mzee," Bedan akasema.

Safari iliishia hapo. Walipopanda kwenda garini Bedan alimnyooshea mkono, akasema nishike, mzee. Seth akasema anaijua njia hii. Aliteleza mara mbili. Mara ya pili alianguka juu ya kamera yake na kioo kikapasuka, na mke wa Kiema akaanza kulia kimya kimya, jambo ambalo Seth alilisikia vizuri sana. Ndani ya gari Bedan alisema, bila ukali, kwamba msimu huu mzee apumzike. Alisema pia pole. Alisema pole mara nyingi mno.

Bedan alitaka kumfikisha mlangoni. Seth alikataa, akasema ashushwe Jogoo Road, ana mtu wa kumwona hapo. Hakuwa na mtu. Hakutaka tu gari liingie mtaani, Bedan amfungulie mlango, watu watazame.

Gari lilipoondoka alijua amekosea. Alikuwa ameshushwa ng'ambo. Kati yake na Makongeni kulikuwa na barabara nzima, magari yakipita kwa mkupuo, pikipiki zikichomoka pasipotarajiwa. Siku zote alikuwa akivuka na umati. Jumamosi saa tano hakukuwa na umati. Alinyanyua mguu mara moja, honi ikamrudisha. Alinyanyua tena, akarudi. Basi akatoa simu, akaiweka sikioni, akaanza kuongea nayo, ili anayemwona adhani ni mtu mwenye shughuli. Alisema haya, sawa, nakuja. Simu ilikuwa imezimika tangu asubuhi.

Wakati huo huo Norah na mama yake walikuwa wakitoka hospitalini, jicho limekaguliwa na kusifiwa. Walishuka upande ule ule, hatua chache kutoka kwake. Norah alimwona mumewe na simu yake, akabetua mdomo, akamvuta mama wapinde kwa mama mboga kama mila inavyotaka, kumpa nafasi apite. Akainama kuchagua sukuma. Wanawake wawili wa kwaya walikuwa hapo, wakamwamkia.

Mama Nabiswa hakuinama. Kwa jicho lake jipya aliiona simu, kioo chake cheusi. Aliuona mguu unaonyanyuka na kurudi. Alisimama pale, mkono umeshika ile leso nyekundu ya mlangoni, aliyojifunga shingoni, akiomba moyoni bintiye ainue kichwa atazame. Norah alikuwa akibishana juu ya mafungu. Seth akanyanyua mguu tena, na safari hii akaushusha barabarani.

Akahisi ameshikwa mkono. Akavutwa nyuma, pikipiki ikapita.

"Ni nani?" akauliza.

Kidole chake kilikuwa kimegusa kovu, shina la kidole gumba, nene, lile la Jumatano. Angeweza kuukwapua. Mwanamke mmoja wa kwaya alikuwa ameshajiziba mdomo kwa kiganja. Mama Nabiswa alingoja barabara itulie, uso wake ukitazama magari, si yeye; hata mara moja hakumtazama yeye. Kisha akatangulia, na Seth Wasike akafuata. Walivuka, wakaingia lango la Makongeni, wakapita mferejini palipo na foleni, wakapita vibaraza vyote. Mazungumzo yalizimika mbele yao na kuanza tena nyuma yao. Hakuna mtoto aliyewaigiza. Ingekuwa afadhali.

Norah alikuwa nyuma, sukuma mkononi bila mfuko. Sasa alikuwa akiona: leso, picha za maji, simu. Yote kwa pamoja. Akavuka akiwakimbilia. Aliwafikia mlangoni, pumzi zikimpanda.

"Tangu lini, Seth?"

"Machi."

"Na mimi ukaniacha nikutukane mbele ya watu."

Norah alianza kulia, kwa huruma na kwa hasira, yeye mwenyewe hakujua ni ipi iliyozidi.

Mama Nabiswa alikuwa ameshaufungua mlango. Aliivua ile leso shingoni mwake, akaifunga kwenye komeo, mafundo mawili. Kisha akauchukua tena mkono wa mkwewe, akauweka juu ya leso, akaukandamiza hapo mpaka vidole vikaishika, ili safari nyingine apapase kwanza. Akauachia. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Seth alibaki nje, mbele ya mtaa mzima, ameishika leso.